Sanduku la Barua: Kopo la kiwi la Marseille

*Shikamoo Mzee. Mimi ni msusi, saluni yangu iko Nyali. Mwezi uliopita alikuja mteja Mfaransa, anataka nywele zake zirudie rangi ya zamani, ya kahawia. Nikajitutumua na Kifaransa changu cha ufukweni: "Marron?" Akacheka. Akaniambia marron ni viatu, nywele ni châtain. Nikasema basi, "brun". Akasema la, hiyo imekaribia weusi. Hawa watu wana kahawia ngapi? Na wewe uliyezunguka bandari zao, ulielewana nao vipi?*
*— Msusi, Nyali, Mombasa*

Marahaba, mwanangu. Wewe umechekwa tu. Mimi nilikatwa mshahara.

Mwaka 1981 nilikuwa mhudumu wa maofisa kwenye meli ya mizigo, nahodha wetu Mgiriki. Kazi yangu ilikuwa kutandika vitanda, kupandisha kahawa juu kwenye usukani, na kung'arisha viatu. Nahodha alikuwa na jozi mbili. Moja nyeusi, ya kwendea kwa mawakala wa bandari. Ya pili ilikuwa ya ngozi laini, rangi ya kashata iliyopikwa ikaiva vizuri, na hiyo ndiyo aliyoipenda. Tulipofunga gati Marseille akanipa faranga nikamnunulie kiwi. (Vijana wa siku hizi mnaovaa raba tu: kiwi ni rangi ya viatu ya kopo, hata kama kopo limeandikwa jina jingine.) Kabla sijashuka nikamwuliza mpishi, Mbelgiji, "brown" kwa Kifaransa huitwaje. Akajibu bila kuinua macho kwenye vitunguu vyake: brun.

Nikaenda, nikasema brun, nikapewa brun. Usiku nikapaka, nikasugua, nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi. Asubuhi viatu vilikuwa vimekolea kama sufuria ya kuni. Nahodha hakupandisha sauti. Aliinua kiatu kwa mkono mmoja na kikombe chake kwa mkono wa pili, akanitazama, akasema, "Kafé! Kafé!"

Nikakimbia jikoni nikamletea kahawa.

Mzee wa watu alikuwa anataja rangi. Kwa Kigiriki cha siku zote, kiatu cha kahawia ni kiatu "kafé", yaani kahawa. Alikuwa ananiambia alichotaka na nilichompa, nami naongeza sukari.

Sasa tuje kwa mteja wako. Mfaransa ana maneno matatu, na kila moja lina kazi yake. *Brun* ndilo kongwe, nalo lilitoka kwa makabila ya Kijerumani. Ni ndugu wa *braun* ya Wajerumani na *brown* ya Waingereza. Kwa Mfaransa limeelemea giza: mwanamke mwenye nywele nyeusi-nyeusi ni *brune*, bia nyeusi ni *brune*, ngozi iliyoungua jua ni *brune*. *Marron* ni la viatu, mikoba, makochi na, ajabu, macho. *Châtain* ni la nywele peke yake. Ukimwambia mtu kiatu chake ni châtain atakitazama kiatu kama kimeota nywele.

Kinachonichekesha ni kwamba marron na châtain zimeanguka kutoka mti mmoja. Kuna mti wa Ulaya unaozaa kokwa za ganda la kung'aa, zinazochomwa mabarabarani wakati wa baridi kama sisi tunavyochoma mahindi. Kokwa ya kawaida huitwa *châtaigne*, ile nono ya kuchaguliwa huitwa *marron*. Nywele zikachukua jina la kokwa ndogo, viatu vikachukua la kokwa kubwa. Usinitafutie sababu yake.

Wala tusiwacheke sana. Wewe mwenyewe kila siku unamtaja binti kuwa ni maji ya kunde. Umewahi kumwambia mtu akupitishie kiatu cha maji ya kunde?

Nilichojifunza baada ya lile kopo ni kuuliza kwanza: rangi ya *nini*? Piraeus viatu ni kafé, lakini nywele na macho ni *kastanó*, kokwa ile ile tena. Genoa viatu ni *marrone* na nywele ni *castano*. Barcelona viatu ni *marrón*, nywele *castaño*, mtu mwenyewe ni *moreno*, na dubu wa porini ni *pardo*. Lakini Mhispania huyo akivuka bahari hadi Mexico, kiatu kinageuka *café*. Lisbon niliomba *marrom*, neno nililolizoea Santos kule Brazili, nikasahihishwa kwa adabu: hapa tunasema *castanho*. Na Yugoslavia ya wakati ule, nchi moja, duka moja lingekuuzia kiatu *smeđ* na jingine kiatu *braon*, hilo la pili likiwa ni Kijerumani kilichovaa nguo za Kiserbia.

Mtazame dubu ukitaka kujua neno gani ni la zamani katika lugha, kwa maana dubu alikuwapo kabla ya maduka ya viatu. Mfaransa humwita dubu *brun*, hamwiti marron hata siku moja. Mrusi humwita *buryj*. Wataalamu wengi wanasema hata jina lenyewe la dubu kwa Kiingereza na Kijerumani lilianza kama fumbo, "yule wa kahawia", kwa sababu wawindaji waliogopa kumtaja mnyama kwa jina lake asije akasikia. Wako wanaolipinga hilo. Mimi nimekulia Tanga, ambako usiku mtu haulizi duka kama lina sindano, kwa hiyo upande wangu mnaujua.

Kwa mteja wako basi: nywele *châtain*, akitaka zenye mwanga zaidi *châtain clair*, akitaka zikolee ndipo useme *brun*. Marron umwachie viatu vyake.

*Mzee, heshima. Mimi ni mtu wa Goma, nafanya biashara Dar es Salaam. Kwetu hatusemi kahawia, tunasema marron. Kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu nilimwambia fundi cherehani anishonee suti ya marron. Akajibu, naelewa kaka, maruni. Siku ya kuichukua nikakuta suti nyekundu iliyokolea, ile mnayoiita damu ya mzee. Fundi anasema kosa ni langu. Nani alipe?*
*— Mwana wa Kivu*

Ndugu yangu, wewe na fundi wako mmesema neno moja, tena kwa uaminifu. Lililowatenganisha ni mpaka wa wakoloni.

Ile kokwa niliyomweleza msusi, ukiitoa kwenye ganda lake la miiba, ina rangi mbili ndani ya moja: kahawia yenye wekundu. Mfaransa alipochukua jina la kokwa kuwa jina la rangi alishika kahawia. Mwingereza aliliazima neno hilo kwa Mfaransa mwishoni mwa karne ya 18, naye akashika wekundu. Ndipo *maroon* yao ikawa rangi ya divai. Wabelgiji wakawaletea nyinyi marron, Waingereza wakamletea fundi wako maruni, na maneno mawili hayo ya baba mmoja yamekuja kugombana juu ya mabega yako.

Mwingereza hapa yuko peke yake. Mwitaliano na *marrone*, Mhispania na *marrón*, Mbrazili na *marrom*, Mromania na *maro*, hata Mbasque na *marroi*, wote walibaki kwenye kahawia. Ukienda mahakamani una mashahidi wengi. Lakini kesi ilitokea Dar es Salaam, na Dar es Salaam maruni ni maruni.

Hukumu yangu ni nusu kwa nusu, na siku nyingine uende na kipande cha kitambaa. Harusi ilikwendaje? Suti ya damu ya mzee humpendeza mtu, hasa mwenye kitambi kidogo.

*Mzee wetu, nafundisha Kiswahili sekondari, Moshi. Mwenzangu wa idara ya Kiingereza ananikera. Anasema Kiswahili hakina rangi ya kahawia, kina kinywaji tu kilichopewa kazi ya rangi. Ushahidi wake ni sarufi: tunasema viatu vyeusi, vyeupe, vyekundu, lakini "viatu VYA kahawia". Neno halishiki ngeli. Anadai lugha za Ulaya zina neno kamili, lao wenyewe. Nimjibu nini?*
*— Mwalimu, Moshi*

Mwalimu, hoja ya ngeli ni ya kweli na ni nzuri, ila mwenzako ameisimamisha kichwa chini. Mpeleke Ufaransa. Viatu vyeusi ni *chaussures noires*: angalia lile neno la rangi linavyojipinda, likachukua alama ya uke na alama ya wingi, sawasawa na vyetu vya "vyeusi". Viatu vya kahawia ni *chaussures marron*. Hakuna kujipinda, hakuna herufi ya wingi. Mtoto wa shule wa Kifaransa akiongeza *s* pale anakatwa maksi. Kwa nini? Kwa sababu marron ni jina la kitu, si kivumishi cha kuzaliwa. Wanasema, kwa hakika, viatu *vya kokwa*.

Na si wao tu. *Maro* ya Kiromania haigeuki. *Braon* ya Kiserbia haigeuki, katika lugha ambayo hata jina la mtu hugeuka. *Kafé* ya nahodha wangu haigeuki. Ulaya nzima ina maneno ya kahawia yaliyokaa barazani kama wageni, hayajaambiwa yavue viatu yaingie ndani. Kahawia yetu ingekaa nao vizuri sana kwenye baraza hilo.

Walioamua kumvika mgeni nguo za nyumbani wapo pia. Mbulgaria alichukua kahawa akaitia kiambishi ikawa *kafyav*, inageuka kama rangi nyingine yoyote. Mturuki alisema wazi, *kahverengi*, rangi ya kahawa. Na kwa kuwa kahawa ilifika Istanbul katika karne ya 16, neno hilo haliwezi kuizidi kahawa umri. Mwarabu anasema *bunnī*, kutokana na buni. Mmalta, ambaye lugha yake ni ya ukoo wa Kiarabu, angetazamiwa amfuate, lakini aliazima *kannella* kutoka Italia: mdalasini.

Mdalasini ndio alioushika na Mrusi. Odessa nilinunua kiwi *korichnevyj*, na baharia mmoja akanifafanulia kuwa neno limetoka kwa *korica*, mdalasini, nalo *korica* maana yake ni kigamba kidogo cha mti. Mama yangu ni wa Pemba. Nimechubua mdalasini tangu sijaota ndevu, najua gamba linavyojikunja likikauka na rangi linayoshika. Nikamwambia yule baharia kwamba kati ya Wazungu wote wao ndio walioipatia rangi hiyo jina la maana. Akanipa sigara.

Mpolandi yeye anasema *brązowy*, rangi ya bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati. Kwa hiyo mkimbiaji wa Poland akimaliza wa tatu, medali yake na viatu vyake vinatajwa kwa neno moja.

"Neno lao wenyewe" analolisifu mwenzako ni *brown*, na kweli hilo ni la kale na la nyumbani. Lakini amwulize babu yake. Katika mashairi ya kale ya Kiingereza upanga uliweza kuwa na makali ya *brún*, na hakuna aliyemaanisha kutu, walimaanisha unang'aa. Kutokana na neno hilo hilo Wafaransa walipata *brunir*, kung'arisha chuma, na Waingereza wakalichukua tena likawa *burnish*. Kahawia na kung'arisha ni watoto wa tumbo moja, jambo ambalo lingenifariji kama ningelijua usiku ule wa Marseille. Majirani ndio hao waliokwenda kuazima mlangoni kwa Wajerumani: *barna* ya Hungaria, *pruun* ya Estonia, *brūns* ya Latvia.

Kuna wenye neno kongwe lisilo la dukani: *donn* ya Ireland, *hnědý* ya Czech, *rudas* ya Lithuania, *ruskea* ya Finland. Yachunguze haya mawili ya mwisho, utakuta wekundu umejificha ndani. *Rudas* ina undugu na maneno ya "nyekundu" kote Ulaya. Mfini anaita wekundu wa alfajiri *aamurusko*, na kiini cha yai anaweza kukiita *ruskuainen*. Kwa mayai ya kuku wa kienyeji namwelewa.

Mwaka 1969 Brent Berlin na Paul Kay, wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, walitoa kitabu juu ya majina ya msingi ya rangi. Walisema lugha huyapata kwa utaratibu: nyeusi na nyeupe, kisha nyekundu, kisha kijani na njano, kisha buluu, na kahawia baada ya hapo. Utaratibu wao umepingwa na kurekebishwa mara nyingi, lakini kwamba kahawia huja nyuma, bandari zangu zinakubali. Na katika lugha ishirini walizozipima kwa vipande vya rangi, Kiswahili kilikuwamo. Mwambie mwenzako hilo taratibu, akiwa anakunywa chai.

Kisha mkumbushe *hudhurungi*. Kamusi zinalo. Wazee walilijua kama kitambaa cha pamba cha rangi hiyo, kilichotoka Omani, cha kushonea kanzu. Neno lilianza kama kitu cha dukani likaja kuwa rangi, njia ile ile ya marron. Nasikitika tu kwamba watoto mnawafundisha kahawia na hudhurungi mnaiachia mitihani.

Na nyinyi wa Moshi, ambao mnaishi kwenye kahawa, mna haki ya kulalamika kwa sababu nyingine kabisa. Buni mbivu mtini ni nyekundu. Ikikobolewa ni kijani iliyofifia. Kahawia haipo popote mpaka moto uiguse. Aliyetupa jina hili alikuwa mnywaji, hakuwa mkulima.

*Mzee, mwalimu ametuambia upinde wa mvua una rangi saba. Kahawia imejificha wapi?*
*— Mwanafunzi wa Darasa la Sita, Wete*

Imejificha kwenye rangi ya chungwa, mjukuu wangu. Mwanga wa chungwa ukiwa hafifu kuliko vitu vinavyouzunguka, macho huuita kahawia. Kunja daftari liwe bomba, chukua kitu cha kahawia ukiweke juani, kitazame kupitia bomba hilo huku jicho la pili umelifumba, usione kingine chochote pembeni. Utakiona kinaanza kuwa cha chungwa. Usitumie daftari la mwalimu.

*Shikamoo Baba. Naishi Hamburg, mume wangu ni wa asili ya Poland. Tumejaliwa mtoto wa kiume, ana miezi saba. Mama mkwe alikuja kutoka Gdańsk, akamnyanyua mjukuu, akamtazama, akasema ana macho "piwne". Nikatafuta maana: ya bia! Mtoto mchanga! Nimekaa na donge siku tatu. Nimwambie mume wangu au ninyamaze?*
*— Mama wa Kijana, Hamburg*

Marahaba, na hongera ya mtoto. Donge lishushe. Mama mkwe hakumtukana mtu.

Umesoma huko juu kwamba viatu vya Mpolandi ni bronzi. Macho hayamo. Macho ya kahawia yenye mwanga ndani yake huitwa *piwne*, na ndiyo, limetoka kwa *piwo*, bia; lakini mama mkwe hafikirii kilabu, anafikiria bilauri iliyoshikwa mbele ya dirisha, jua linapita ndani yake. Ni sifa. Angesema una mtoto mwenye macho ya kiatu ndipo ungepata la kumshtakia mumeo.

Macho, kwa kweli, ndiyo yanayokataa zaidi rangi ya dukani. Mrusi, mwenye mdalasini wake kwa viatu na *buryj* yake kwa dubu, akifika kwenye macho huacha yote mawili akasema *karij*, neno lenye asili ya Kituruki lililotokana na weusi. Mromania aliyeridhika na *maro* kwa kila kitu akitazama macho husema *căprui*, kutokana na jina la mbuzi. Sasa pima mwenyewe: ungependa mwanao awe na macho ya bia au ya mbuzi?

Mimi ningekushauri umlipe mama mkwe kwa sarafu yake. Akimnyanyua tena mjukuu, mwambie kwetu mtoto wa ngozi kama hiyo tunamsifu kwa kumwita maji ya kunde. Akiuliza kunde ni nini, tafuta duka la Waafrika hapo Hamburg, umchemshie sufuria moja, ajionee maji yake.